Wateja Wetu Tuwaandikie Vipi?

Je, kikundi chenu kinauza asali, vikapu au mboga? Basi mnahitaji orodha ya wateja wanaotaka habari zenu kwa barua pepe.

Sisi tulianza vibaya. Tulinakili anwani kutoka daftari la wageni wa harusi, tukawatumia wote tangazo la asali. Wengi walikasirika: "Nani aliwapa anwani yangu?" Hata wanunuzi wetu wa zamani wakaanza kutushuku. Tulifuta orodha yote tukaanza upya, hivi:

1. Ombeni ruhusa. Siku ya soko wekeni daftari mezani. Anayetaka habari aandike mwenyewe. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kwanza.

2. Tumeni jambo la kumfaa. Mara moja kwa mwezi yatosha. Sisi tulieleza kwamba asali ikiganda haijaharibika. Chupa iwekwe tu kwenye maji ya uvuguvugu. Wateja wakaanza kujibu na kuagiza.

3. Ficheni anwani. Mkiandikia watu wengi pamoja, tumieni ile sehemu ya Bcc, ili mmoja asione anwani ya mwingine.

4. Anayetaka kutoka, mtoeni siku hiyo hiyo bila maswali.

Kumbukeni, wateja 30 wanaosoma ni bora kuliko 300 waliochoka nanyi.

Jadilianeni kwenye mkutano ujao: Daftari letu litatunzwa na nani? Tutawaandikia wateja nini mwezi huu?