Presha Pekee Haitoshi Kukusajili Kuwa Mwenye Ulemavu

Je, mkazi wa Migori au Homa Bay mwenye shinikizo la damu anaweza kupata msaada ambao serikali huwapa watu wenye ulemavu?

Ugonjwa wenyewe hautoshi. Mtu ambaye presha yake imefika 140 kwa 90 au zaidi, lakini anameza dawa na kuendelea na kazi zake, hahesabiwi kuwa na ulemavu. Kinachoangaliwa ni madhara yaliyobaki mwilini. Presha isiyotibiwa huweza kuleta kiharusi, kikamwacha mtu amepooza upande mmoja au hawezi kusema. Huharibu pia macho na figo.

Aliyefikwa na hayo aende hospitali ya rufaa ya kaunti yake akapimwe na madaktari. Abebe kitambulisho na kadi zake zote za kliniki. Ripoti ya madaktari ndiyo hutumiwa kumsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Lakini kusajiliwa si kupata pesa papo hapo. Zile Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii ni za familia maskini zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkali, asiyeweza kujifanyia lolote. Aliyeajiriwa naye anaweza kuomba asitozwe kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi.

Kwa hivyo, tunza kadi zako, na usiache dawa hata ukijihisi mzima. Mkono uliopooza haulipwi kwa Sh2,000.