Fahamu: Je, msongo wa mawazo huleta mafua?

Mafua huletwa na virusi. Mawazo peke yake hayamwambukizi mtu, na kumwambia mgonjwa kwamba amejitakia ni kumwonea. Hata hivyo, msongo unaweza kuchangia katika kuamua nani augue.

Jaribio la Salisbury

Mwaka 1991, mtafiti Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo kutoka Salisbury, Uingereza. Watu 394 wenye afya njema walitiwa puani matone yenye virusi, kisha wakatengwa na kuchunguzwa. Kwa wenye msongo mdogo waliougua ni takriban 27%. Kwa waliolemewa zaidi, 47%. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Kwa nini?

Msongo wa muda mrefu hufanya seli za kinga zisiitikie vizuri kotisoli, homoni inayotuliza uvimbe. Uvimbe usipotulizwa, pua huziba, makamasi huchuruzika.