Filamu za anga: Mtu hapasuki, huzimia

BWEYEYE, Rusizi

Mfanyabiashara anayepeleka katoni za krispi kutoka Kamembe hadi Bweyeye analijua jambo ambalo watengenezaji wengi wa filamu za anga hawalijui, au wanalijua na kulipuuza. Gari likiingia msitu wa Nyungwe na kupanda hadi Pindura, inakochepuka barabara ya Bweyeye, pakiti huvimba na kukaza kama mpira. Ndani hakuna kilichoongezeka. Ni hewa ya nje iliyopunguza kukandamiza, kwa sababu pale juu ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Pakiti mbovu huachia kwenye mshono. Nyingine huvuka salama, zimevimba tu.

Mwili wa binadamu ukikosa hewa angani hufanana na hizo zinazovuka. Kwenye filamu mambo huwa tofauti. Katika Outland ya mwaka 1981, aliyoigiza Sean Connery, watu wanaopoteza mgandamizo wa hewa huvimba hadi kupasuka. Katika Total Recall ya 1990, Arnold Schwarzenegger anatupwa nje kwenye sayari ya Mirihi na macho yanamtoka kama ya chura.

Sehemu kubwa ya watazamaji wa miji ya mipakani huziona filamu za kigeni kwa masimulizi. Rwanda wanaziita agasobanuye: sauti ya msimulizi huwekwa juu ya filamu, akieleza kila tukio kwa Kinyarwanda. Ni kazi iliyompa jina Nkusi Thomas, maarufu Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Kenya ina DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Msimulizi hodari hutia chumvi. Mtu akivimba kwenye picha, kwenye sauti ameshalipuka. Hiyo ndiyo kazi yake na watu hulipia wacheke. Shida ni kwamba mtazamaji hutoka akiogopa kitu kisichokuwapo, na kile cha kuogopwa kweli hakukiona.

Agosti 16, 1960, rubani wa Marekani Joseph Kittinger alipaa kwa puto hadi kimo cha zaidi ya kilomita 31, kisha akaruka kwa mwavuli. Njiani kwenda juu glavu yake ya mkono wa kulia iliacha kushika hewa. Mkono ukavimba takriban mara mbili ya ukubwa wake, ukauma, ukawa haufai kwa kazi. Haukupasuka. Saa chache baada ya kutua ulikuwa umerudi kawaida. Ngozi ni ngumu kuliko nailoni ya pakiti.

Kinachofuata kinaeleweka vizuri zaidi jikoni. Mpishi wa milimani anajua maharage huchelewa kuiva, kwa kuwa hewa ikipungua maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwenye mita 2,000 huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100. Endelea kupanda hadi kilomita 19 na maji yatachemka kwa joto la mwili, nyuzi 37. Desemba 1966 fundi wa shirika la anga la Marekani, NASA, aitwaye Jim LeBlanc, alikuwa akijaribu vazi la wanaanga huko Houston, ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, mrija wa vazi ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakianza kuchemka juu ya ulimi. Wenzake waliirudisha hewa haraka, akapona.

Watu watatu hawakupata bahati hiyo. Juni 30, 1971, Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wakirejea duniani kwa chombo cha Kisovieti, Soyuz 11, baada ya siku 23 angani. Kwenye kimo cha kilomita 168 hivi vali moja ilifunguka kabla ya wakati wake na hewa ikatoka yote. Hawakuwa wamevaa mavazi ya anga. Nafasi ya watu watatu ilikuwa finyu mno. Chombo kilitua vizuri kwa mwavuli wake. Waokoaji walipofungua mlango waliwakuta kwenye viti vyao, wamekufa. Tangu hapo Wasovieti hawakurusha tena Soyuz bila mavazi hayo, na kwa miaka kadhaa walipunguza abiria hadi wawili.

Zipo filamu zilizokaribia ukweli. Katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, mwanaanga anavuka sekunde chache bila kofia na kuishi. Kosa lake ni kubana pumzi, maana hewa iliyofungiwa hupasua mapafu. Event Horizon ya 1997, pamoja na vitisho vyake vyote, ilipatia hapo: nahodha anamwamuru kijana atoe hewa yote kifuani. Ile ya kuganda papo hapo, kama kwenye Mission to Mars ya mwaka 2000, ni uongo mtupu. Chupa ya chai hutunza joto kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imeondolewa. Angani joto nalo huondoka polepole.

Anayepanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou kununua mzigo yuko karibu na hatari hii kuliko anavyodhani. Agosti 14, 2005, ndege ya Helios ya Saiprasi ilipaa bila kujazwa hewa ipasavyo. King'ora kililia, marubani wakakidhania cha hitilafu nyingine, kisha wakazimia. Ndege ilijiendesha hadi mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Athens na kuua watu wote 121. Hakuna aliyepasuka.

Barakoa za abiria hutoa oksijeni kwa dakika 12 au zaidi kidogo, zinazomtosha rubani kushuka hadi mita 3,000 hivi. Bila barakoa, kwenye kimo cha kawaida cha safari, akili hufanya kazi sekunde 30 hadi 60 tu. Ndiyo maana mama aliyempakata mtoto huambiwa avae yake kwanza: akizimia yeye, mtoto hana wa kumvalisha.