Bangladesh Ilijifunza Nini kwa Wakorea?

Serikali ikitaka viwanda, haichelewi kuitaja Korea Kusini: nchi iliyotoka vitani mwaka 1953 ikiwa maskini hohehahe, ikaanza kuuza nje mawigi na nguo, kisha ikafikia chuma, meli na simu. Baada ya masimulizi hayo hufuata mabanda, misamaha ya kodi na safari za kuwasaka wawekezaji. Je, njia hiyo inaigika? Naamini inaigika, ila wengi huiga upande wake ulio rahisi kupigwa picha.

Tuitazame Bangladesh, ambayo yenyewe iliiga. Mwaka 1979 kampuni ya Desh, iliyoanzishwa na Noorul Quader, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali, ilishirikiana na Daewoo ya Korea na kupeleka watu 130 wakafunzwe huko kwa miezi kadhaa. Hawakufundishwa kushona tu. Walijifunza kuzipanga cherehani ili anayeshona mikono asikae bure akisubiri kola, kukagua mishono, na kutimiza oda kwa tarehe ya meli. Waliporudi, Desh haikuweza kuwazuia. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa wamehamia viwanda vingine, na baadhi wakafungua vyao wenyewe. Hasara ya Desh ikawa mtaji wa nchi nzima.

Ujuzi peke yake usingetosha, kwa sababu Bangladesh haikuwa na kitambaa cha kufaa wala dola za kukinunulia. Serikali iliruhusu kitambaa kiingie bila ushuru, kikae katika ghala lililo chini ya forodha, na kiasi kilichoingia kilinganishwe daftarini na mashati yanayotoka. Benki nazo zilipokea dhamana ya malipo kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo, zikaitumia kumfungulia muuza kitambaa dhamana nyingine. Mwenye kiwanda akaweza kufanya kazi kwa fedha ambayo bado hajaishika. Hakuna rais anayekata utepe mbele ya daftari la forodha, lakini bila daftari hilo wale mafundi wangerudi kukaa vijiweni.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati. Kuanzia 1974 mkataba wa kimataifa uliziwekea nchi kama Korea ukomo wa nguo za kuuza katika mataifa tajiri, ndiyo maana Wakorea wakatafuta nchi isiyobanwa. Hilo ni kweli. Lakini ukomo huo uliondolewa mwanzoni mwa 2005, watu wakatabiri kwamba China ingeimeza Bangladesh, kumbe mauzo ya Bangladesh yakazidi kupanda. Hadi leo nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa inazouza nje.

Sasa linganisha na Hawassa, Ethiopia, ambako eneo la viwanda lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa na mabanda mapya na mtambo wa kusafisha majitaka. Waliopanga humo wengi walikuwa wageni, na tegemeo lao kubwa lilikuwa soko la Marekani chini ya Agoa, mpango unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Vita vya Tigray vilipozuka nchini humo, Marekani iliiondoa Ethiopia katika mpango huo tarehe 1 Januari 2022. Kampuni ya PVH ilikuwa imeshatangaza kufunga kiwanda chake cha Hawassa. Ni haki kukiri kwamba hata mwenye kiwanda mzawa angeumia. Tofauti ni kwamba mzawa hana makao mengine ya kuhamishia wanunuzi wake. Kwa hiyo Athi River nchini Kenya, ambako viwanda vya nguo vya EPZ, yaani eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje, vinaitegemea sana Marekani hiyohiyo, swali la kuuliza ni Wakenya wangapi wanaoketi na mnunuzi kupanga bei.

Pingamizi zito kuliko yote ni Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka Bangladesh. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa katika jengo hilo ikafunga, washonaji wakaamriwa warudi kazini, na tarehe 24 Aprili 2013 zaidi ya watu 1,100 wakafa. Je, hiyo ndiyo bei ya njia hii? Baada ya maafa, kampuni zinazonunua nguo na vyama vya wafanyakazi vilitia saini makubaliano ya ukaguzi, milango ya dharura ikawekwa, na viwanda vilivyokataa kurekebishwa vikanyimwa oda. Hata kwa masharti hayo, mauzo ya nguo ya Bangladesh yaliendelea kukua.