Mapovu Yanavyodhoofisha Dawa ya Jakuzi

Msomaji mmoja mwenye nyumba ya wageni Shelui, kule malori yanakopumzika baada ya kuteremka mlima Sekenke, anauliza: "Jakuzi yangu naiwekea klorini kila jioni, na siku hizi nazidisha kipimo. Mbona maji yana ukungu, wageni wanawashwa macho na harufu ya dawa haiishi?" Anatumia maji ya kisima kirefu na klorini ya unga.

Kusafisha kichujio na kufunika jakuzi kumeelezwa kwenye kijitabu kinachokuja na mashine, sitarudia hayo. Twende moja kwa moja kwenye mapovu, yale yale ambayo wageni wanayafuata, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Klorini ikishayeyuka majini huwa na sura mbili: asidi ya hipoklorasi, isiyo na chaji, na hipokloriti, yenye chaji hasi. Kinachozitofautisha ni ioni moja tu ya hidrojeni. Ukuta wa bakteria nao una chaji hasi. Wafugaji wa mbuga ya Wembere wanajua kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Bakteria ni zizi lenye fahali mlangoni, na hipokloriti ni fahali mgeni: akisogea, anasukumwa nje. Lakini fahali huyo huyo akishikwa kamba na mchungaji, yaani ioni ya hidrojeni, anatulia, anapita mlangoni kimya kimya, na akiwa ndani anavuruga kila kitu. Ndiyo maana asidi ya hipoklorasi huua vijidudu kwa nguvu inayoizidi hipokloriti kwa makumi ya mara.

Sasa hesabu wachungaji. Kipimo cha pH ndicho sensa yao, ila kinasomwa kinyume: namba ikipanda kwa moja, wachungaji wamebaki sehemu moja ya kumi. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya mafahali wana wachungaji. Kwenye 8 ni kama robo tu. Kwenye 8.5 hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Kundi ni lile lile na gharama ni ile ile, lakini zizi halivamiwi.

Na mapovu? Maji ya visima virefu mara nyingi yana bikaboneti nyingi. Bikaboneti ikikutana na ioni ya hidrojeni huzaa maji na kaboni dioksidi. Pampu inapovuma na hewa kuchemka, kaboni dioksidi hiyo inapeperushwa, na kila molekuli inayotoka imeondoka na mchungaji mmoja. Mimi jambo hili hunisisimua kila nikilifikiria: raha yenyewe ya jakuzi ndiyo inayoipokonya dawa nguvu. Klorini ya unga nayo mara nyingi ni kalisi hipokloriti, kitu kinachopandisha pH na kuongeza kalisi. Kila kijiko cha ziada kinawafukuza wachungaji wengine, na kalisi inaganda kuwa ule ukungu mweupe ambao baadaye hushika kwenye hita.

Harufu ile si dalili ya dawa kuzidi. Inatoka kwa klorini iliyoungana na jasho na mkojo, na ndiyo inayowasha macho. Vitabu huiita "klorini iliyofungwa", jina nisilolipenda, kwa kuwa hakuna aliyeifunga. Imefanya kazi ikaishiwa. Naiita klorini chovu.

Uzembe hapa una gharama. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, bakteria wa Legionella walienea kwa mvuke kutoka kwenye jakuzi iliyowekwa kwa maonyesho tu. Watu waliokuwa wakipita waliuvuta, na zaidi ya 30 wakafa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na pH. Ipime baada ya mapovu kuwaka, si kabla. Ishushe hadi 7.2 au 7.4 kwa asidi ya mabwawa, kidogo kidogo, pampu ikizunguka na jakuzi ikiwa haina mtu ndani, kisha ndipo uhakikishe klorini haipungui miligramu 3 kwa lita. Joto lisipite nyuzi 40. Wajawazito na wenye moyo dhaifu wamwone daktari kwanza. Maji yaliyokwisha kujaa klorini chovu ni bora kuyamwaga, ingawa najua lita 1,200 ni madumu 60 na Shelui maji si ya kuchezea. Ukishajaza upya, endelea na asidi hiyo kwa siku kadhaa mpaka bikaboneti ipungue, maana ndiyo akiba inayozaa kaboni dioksidi. Wageni wakitoka, funga vali ya hewa, uache pampu izungushe maji bila mapovu.