Korongo, Kongoti na Kinamasi: Utazamaji wa Ndege Nairobi Wakati wa Kipupwe

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, mji ulianza kujengwa penye vinamasi. Mto Nairobi, upitao Chiromo na karibu na Makumbusho ya Taifa kabla ya kuingia katikati ya jiji, chanzo chake ni Kinamasi cha Ondiri kilichoko Kikuyu, magharibi mwa jiji. Atakaye kuwaona ndege wa majini hana budi kuelekea huko.

Alasiri ya Julai aghalabu huwa na wingu zito. Wapiga picha wengi hulilalamikia, ilhali kwa yangeyange lina manufaa: jua kali hufuta mistari ya manyoya meupe, na mwanga wa mawingu huidhihirisha. Ndege mweusi akipigwa picha angani hugeuka kivuli tu. Heri kumsubiri ashuke kwenye matete. Kusubiri huko kufanyike ukingoni, kwani sehemu kubwa ya Ondiri ni zulia la mimea lielealo juu ya maji, nalo hutikisika likikanyagwa. Isitoshe, mtazamaji asiwatafute mbayuwayu wa Ulaya wakati huu. Wao huja kuanzia Septemba wakikimbia baridi ya kwao, na kufikia Aprili wengi wamekwisha kuondoka. Waonekanao katika kipupwe ni wenyeji.

Mwenyeji atafutwaye zaidi ni korongo taji, yule wa bendera ya Uganda. Hapa ndipo Kiswahili kinapomtatiza mtazamaji. Katika mazungumzo ya kawaida, korongo ni huyo mwenye taji. Ni yule wa kijivu asimamaye pweke majini akivizia samaki. Na pengine ni yule mwenye upara anayejaa mitini karibu na Uwanja wa Nyayo. (Korongo pia ni bonde lililochimbwa na maji, lakini hilo haliruki.) Huyo mwenye upara analo jina lake, kongoti, ila ni nadra kulisikia jijini.

Mkanganyiko huu una athari nje ya kamusi. Kongoti hula mizoga na taka, hivyo jiji likichafuka yeye hushiba. Korongo taji hujenga kiota katikati ya mimea ya kinamasi. Maji yakipungua, mayai hufikiwa na mbwa na watu. Maji ya Ondiri yamewahi kupunguzwa na umwagiliaji wa mashamba, na tangu mwaka 2012 korongo taji amehesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Anayeambiwa kwamba makorongo wamejaa Nairobi anaweza kudhani hakuna kilichoharibika.

Shirika la Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, desturi ya tangu miaka ya 1970. Majina yatumikayo huko aghalabu ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeandamana na watazamaji hao, akiwa na daftari na simu yenye kamera, hatakosa la kufanya.