Tunapokumezesha Mpira

Mwezi huu twapenda kuwaingiza katika chumba ambacho watu wengi wa mwambao wetu wanakiogopa kuliko hata chumba cha upasuaji. Kwa jina la hospitali ni chumba cha endoskopia. Kwa jina la Ujiji na Kibirizi ni "kule wanakomezesha watu mpira". Wengi wanaamini kwamba anayepelekwa huko amekwisha kukatiwa tamaa. Sivyo.

Mpira wenyewe ni mrija unaopindika, unene wake kama kidole kidogo cha mkono, wenye taa na kamera kwenye ncha. Hupita kinywani, ukashuka kooni hadi tumboni na mwanzo wa utumbo. Daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, ndiye aliyetengeneza na wenzake huko Marekani mrija wa kwanza wa aina hii uliotumia nyuzi za kioo. Mwaka 1957, kabla ya kumpitishia mgonjwa yeyote, aliumeza mwenyewe. Huwa tunawasimulia wagonjwa habari hiyo, na wengine hucheka kidogo, jambo ambalo hulegeza koo vizuri kuliko dawa.

Daktari ndiye anayeangalia picha. Kazi nyingine karibu zote ni zetu sisi wauguzi. Tunamwuliza mgonjwa kama ana pumu, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana meno ya bandia. Tunampulizia dawa ya ganzi kooni, tunamlaza ubavu wa kushoto, tunamwekea kizibo cha kuumia meno ili asiung'ate mpira. Kisha mmoja wetu anakaa kichwani pake, mkono begani, akimwambia: "Pumua, baba. Mate yaache yatoke tu. Usimeze." Wakati huohuo jicho letu liko kwenye mapigo ya moyo na rangi ya midomo. Kipimo cha kawaida huchukua dakika chache tu.

Twaomba sana jambo moja: tuambieni ukweli kuhusu chakula. Tukisema usile kitu tangu saa nne usiku, hatufanyi ukali. Mama mmoja alituapia kwamba hajala, kumbe alfajiri dada yake alimhurumia akampa uji wa mchele. Mpira ulipofika kooni uji ukapanda wote. Tulimgeuza na kumvuta kwa mashine upesi, akapona, lakini uji ule ungeingia mapafuni tungekuwa tunasimulia mengine. "Sista, niliona aibu kusema," alituambia baadaye.

Kichocho na kutapika damu

Tunayoyaona ndani ya tumbo ni mengi. Vipo vidonda, na vingi husababishwa na kijidudu kinachoishi tumboni. Barry Marshall wa Australia alikinywa kwa makusudi mwaka 1984 ili athibitishe, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Vingine huletwa na vidonge vya maumivu, vile ambavyo wavuta nyavu hununua dukani na kuvimeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Ipo pia saratani ya koo la chakula: kwanza ugali unakwama, kisha wali, kisha hata uji. Ukiona ugali umeanza kukwama, njoo wakati huo, usingoje zamu ya uji.

Lakini kwa watu wa ziwani tunalolihofia zaidi ni kichocho cha tumbo. Wengi wanakijua kile cha mkojo wa damu tu. Hiki kingine hakionekani kwenye mkojo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya anayeoga au kufua, na minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Hata nyani wa Gombe walikutwa nacho. Mayai ya minyoo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, na kwa miaka mingi yanaweka makovu. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, bandama linavimba, na mishipa ya koo la chakula inatuna. Siku moja mshipa unapasuka.

Kijana mmoja wa mwambao wa kaskazini alitapika damu usiku, nyumbani wakasema ametupiwa kitu. Akapewa dawa za miti. Ikarudi baada ya wiki mbili, wakangoja tena. Ya tatu ndiyo iliyomleta kwetu kwa mtumbwi, amelowa, mdomo mweupe. Alifariki kabla hatujapata chupa ya pili ya damu. Alikuwa na watoto wawili.

Linalotuuma ni kwamba ini lenye makovu ya kichocho mara nyingi bado linafanya kazi yake vizuri. Mshipa ukifungwa, mtu huweza kuishi miaka mingi. Kwa mpira huohuo daktari huuvuta mshipa uliotuna na kuubana kwa kipete kidogo, ukakauka. Mgonjwa hurudi baada ya wiki chache kuongezewa vipete vingine. Kutoka kwetu wengi huandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza.

Basi mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, mlazeni kwa ubavu na msimpe chakula wala dawa za miti. Safari ianze usiku huohuo, na ndugu wawili watatu wenye afya waje naye kutoa damu. Na watoto wakipewa dawa ya kichocho shuleni, msiwafiche nyumbani siku hiyo kwa sababu inaleta kichefuchefu. Wapeni chakula kwanza.

Kwa nini foleni haisogei

Kila mpira ukitoka kwa mgonjwa hufutwa, husuguliwa kwa brashi ndani ya njia zake zote, hulowekwa katika dawa kwa muda kamili, husuuzwa na kukaushwa. Tukiruka hatua moja, homa ya ini ya mtu mmoja yaweza kumfikia mwenzake. Kuosha huchukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Kwa hiyo mkituona tumefunga mlango na benchi limejaa, hatunywi chai. Leteni mtu wa kuwasindikiza, maana wenye kuchomwa sindano ya usingizi hawaruhusiwi kuondoka peke yao, na chakula chenu kifungeni vizuri hadi ganzi ya koo iishe.